Sehemu ya Pili ya Esnah Nyakerario

Nianze na Duke Anyona, kwa sababu hasira yangu iko huko. Bwana huyu aliketi kwenye redio moja ya Kisii mjini asubuhi ya Jumatatu, akaulizwa kama sinema ya kutisha inaweza kuwa na sehemu ya pili iliyo nzuri kama ya kwanza. Kabla ya kujibu alicheka, kicheko cha mtu anayejua kwamba anasikilizwa.

"Inategemea kichwa ni cha nani," akasema. "Ya kwanza ilikuwa na kichwa changu. Hii Esnah anatengeneza huko Ikonge ni majani ya chai yamechemshwa mara ya pili. Mtakunywa, lakini mtajua ni maji. Yule mama namheshimu sana, lakini yeye ni mtu wa kushika kamera tu."

Nilikuwa nampimia mteja dawa ya kupe. Nilizima redio kwa nguvu mpaka kifuniko cha betri kikaanguka. Mteja akaniuliza kama huyo Anyona ni mume wangu. Nikamwambia hapana, Mungu hajanikasirikia kiasi hicho.

Mimi ni Celestine. Nauza mbegu, mbolea na dawa za mifugo hapa Ikonge, na ukuta wa duka langu ndio ukuta wa studio ya Esnah Nyakerario. Tumegawana ukuta huo miaka kumi na sita. Nikikohoa ananiletea maji moto. Akikasirika nasikia viti vinasogezwa. Siku ile ya redio sikusikia kitu, na hicho ndicho kilichoniogopesha. Nikafunga duka nikaingia kwake.

Alikuwa ameketi mbele ya kompyuta yake, mama wa miaka hamsini na miwili, mwembamba, na kitambaa chake cha kichwa kimekwenda upande.

"Umesikia?" nikamuuliza.

"Nimesikia."

"Utamjibu?"

"Nitamjibu na sinema. Na ikishindwa, Celestine, ikiwa watu watatoka pale wakisema ya kwanza ilikuwa bora, basi nitarudi kwa video za mazishi na harusi, na sitasema tena kwamba ile ya kwanza ilikuwa yangu. Itakuwa ya Anyona mpaka nife."

Nilitaka kumwambia asijifunge hivyo. Lakini ukimjua Esnah unajua kwamba neno likishamtoka halirudi.

Esnah alichuma chai na mamake mpaka alipomaliza darasa la nane. Kisha akaenda kuishi na shangazi yake Nakuru, akafundishwa kupiga picha na mpiga picha mmoja wa mtaani, akarudi na kamera shingoni wakati ambapo hapa kwetu hakuna mwanamke aliyekuwa akifanya kazi hiyo. Watu walimwita kijana. Wengine walimuuliza kama mume wake anajua. Alianza na picha za vitambulisho, akaenda kwenye harusi, halafu mazishi yakammeza. Kwetu mazishi yasipochukuliwa video, watoto walio ng'ambo hulalamika kuliko marehemu.

Ameshachukua mazishi zaidi ya mia nne. Kazi hiyo ilimfundisha jambo ambalo Anyona hajalijua mpaka leo: kungoja. Wapiga video wengine huzima kamera mchungaji akisema amina. Esnah haizimi. Anasema mtu husema uongo mbele ya watu na hupumzika baada ya amina, na uso wake wa kweli hutoka hapo. Ndiyo maana anajua katika boma gani watu walimlilia marehemu na katika boma gani walililia shamba.

Sasa nieleze ile sinema ya kwanza, kwa sababu nilikuwepo. Nilishika mwavuli.

Iliitwa Mgeni wa Mvua. Anyona ndiye aliyeandika hadithi, hilo simnyimi. Ilikuwa ya mzee aliyekufa akiwa na uchungu kwa sababu mwanawe aliuza kipande cha shamba bila kumuuliza, na kila mvua inyeshapo mzee anarudi kugonga dirisha la mwanawe. Basi. Agonge, mke wa mwana aone damu kwenye kioo, apige kelele. Damu ilikuwa sharubati ya rangi nyekundu, tena ya bei rahisi.

Mzee wa kuigiza marehemu alikuwa mzee Ombui, mtu wa miaka sabini na mmoja mwenye uso mrefu. Mke wa mwana alikuwa Purity, mwalimu wa chekechea. Nyumba ya kupigia picha ilikuwa ya Purity mwenyewe, kwa sababu ilikuwa karibu na hakuna aliyetudai kitu. Na mzee Ombui, kama ungetuuliza siku hiyo, ungeambiwa mara moja kwamba ni ndugu wa baba mkwe wa Purity. Sote tulijua. Hatukuona tatizo, maana mzee alikuwa asimame nje.

Kwetu baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hata kama kunanyesha, hata kama ameumwa na nyoka, atasimama uani aite. Na si baba mzazi tu, ndugu zake wote ni baba. Heshima hiyo tunaiita chinsoni, na hata sisi Wasabato tunaohubiriwa kila wiki tuache mambo ya zamani hatujaiacha hiyo, wala hatuna mpango.

Basi siku ile tukiwa tumejipanga, ikashuka mvua ya mawe. Mzee Ombui alikuwa amepakwa unga usoni, na Anyona alikuwa amembandika pamba machoni ili aonekane mfu. Haoni. Mawe ya mvua yanampiga kichwani. Akapapasa ukuta akitafuta pa kujikinga, mkono ukakuta mlango, mlango ukafunguka, akaingia.

Purity alikuwa ndani anangoja dirisha ligongwe. Akageuka, akamwona baba mkwe wake amesimama katikati ya nyumba yake.

Sijasikia tena sauti kama ile. Haikuwa kelele ya sinema. Alijifunika uso kwa aproni, akageukia ukuta, akateleza mpaka chini. Mzee naye akang'oa pamba, akaona alipo. Unga ukimtiririka usoni, mdomo wazi, mkono mmoja bado umeshika mlango, akawa hawezi kutoka wala kubaki. Ule uso, ndugu yangu. Ule ulikuwa uso wa mtu ambaye angeona heri kufa kweli.

Anyona akapiga kelele, "Zima! Zima! Mzee ameharibu! Futa hiyo, tutarudia!"

Esnah hakuzima, wala hakufuta.

Wazee waliketi, mbuzi wa utakaso akachinjwa, mchungaji naye akaitwa akaomba, ili pande zote mbili, mila na kanisa, ziridhike. Kisha Esnah akaenda kwa miguu kwa mzee Ombui, akaenda kwa Purity na mumewe, akawaomba ruhusa kila mmoja peke yake. Baada ya siku mbili mzee akatuma neno. "Kama nimeshaaibika, wacha watu waone aibu inafanana aje." Purity akasema kama mzee amekubali, yeye ni nani akatae.

Hiyo ndiyo sehemu iliyowaangusha watu kwenye viti Kisii, Keroka, mpaka Marani. Ilizunguka kwenye simu za watu kama mafua. Na kwenye skrini, kwa herufi kubwa, ukasoma: Imetengenezwa na Duke Anyona. Jina la Esnah lilikuwa mwishoni kabisa, watu wakiwa wameshasimama kutafuta viatu. Anyona akahamia Nairobi na sifa zake. Ametengeneza sinema tatu huko. Sijakutana na mtu aliyemaliza hata moja.

Kwa hiyo nilipomwona Esnah ameketi kimya siku ile ya redio, nilijua anachopigania. Lakini niseme ukweli wangu: moyoni nilikubaliana na Anyona. Si kuhusu kichwa ni cha nani. Kuhusu majani ya chai. Mvua ya mawe haiji kwa kuitwa. Utapata wapi tena kosa kama lile?

Ikonge yote ilikuwa na ushauri. Kinyozi alitaka wafu wawili. Vijana wa bodaboda walitaka fisi. Mwanangu Brandon, aliyekuja likizo kutoka chuo, akamwambia, "Anty, ongeza damu tu. Watu sahii wanataka damu mob."

"Damu wanaiona kila siku kwa bucha," Esnah akamjibu.

Mimi nikapendekeza mzee aingie tena, safari hii aketi kwenye kitanda cha mwana. Nilidhani nimemsaidia. Akaniangalia kama mtu aliyeuziwa mbegu mbovu.

"Celestine, watu hawakuogopa kwamba mzee amekufa. Waliogopa kwamba ameingia. Sasa ameshaingia. Ukimwingiza mara ya pili watakula njugu."

"Basi utafanya nini?"

"Safari hii atakaribishwa."

"Na nani?"

"Na mke wa mwana. Atafungua mlango mwenyewe amwambie, soa, tata."

Ingia, baba. Maneno mawili tu, ya kila siku. Nilisisimka mwili wote nikiwa nimesimama mchana kweupe katikati ya picha za maharusi. Nikamwambia hayo hayasemwi. Akaniambia ndiyo maana.

Halafu akanieleza hadithi. Mwana amekufa. Ndugu zake wanakuja na kamba ya kupimia shamba, wanamwambia mjane akusanye vyombo arudi kwao. Kuna mtu mmoja tu wanayemwogopa duniani na ahera, naye anasimama nje kila mvua inaponyesha. Mjane anafungua mlango.

Alipokuwa akieleza hakuniangalia. Hakuhitaji. Mume wa Esnah alipokufa, shemeji zake walifika na kamba hiyo hiyo kabla matanga hayajaisha. Alibaki kwenye nyumba ile kwa ukaidi tu, akilala na panga chini ya godoro, na hakuna aliyemkaribisha wala aliyemtetea, mimi nikiwemo. Niliona haya. Nikamuuliza mwavuli uko wapi.

Purity alikataa. "Mama Esnah, hata kwa mchezo siwezi. Nilichinjiwa mbuzi. Sasa nikamwite na mdomo wangu?"

Wiki nzima alikataa. Esnah hakumbembeleza. Alimwambia tu kwamba mzee Ombui hatakuwepo, hatakuwa hata katika kijiji kile. Mzee atapigwa picha siku nyingine, Nyaramba, akiwa amesimama shambani kwake kwenye mvua, na hatagusa mlango wowote. "Utaambia mvua," akamwambia. "Mvua si mkwe wako."

Purity akaja. Tulimfungulia mlango kwanza aone kwamba mbele yake hakuna mtu, ni majani ya chai tu mpaka bondeni, kisha tukaufunga. Alijaribu mara saba. Mara ya kwanza alicheka, mara ya pili alilia, mara ya tano akatuambia sote tuende zetu. Mara ya saba alifungua mlango, akatazama mvua kwa muda mrefu, na akasema yale maneno kwa sauti ya chini, ya mtu aliyechoka kufukuzwa. Kisha, bila kuambiwa na yeyote, akainamisha macho, akasogea kando na kubana sketi yake ukutani, kama mtu anayempisha mwingine apite.

Hakuna aliyepita. Lakini mimi nilirudi nyuma hatua mbili na mwavuli wangu.

Esnah aliacha kamera iendelee mpaka Purity akaketi chini.

Tulionyesha Jumapili saa nane mchana, katika ghala tupu la wakulima pale Ikonge. Jumamosi isingewezekana kwa sababu ya Sabato, na kanisa lilikuwa limeshatunyima ukumbi wake. Tulifunika madirisha kwa mablanketi ya watu. Wanaume waliketi kulia na wanawake kushoto kama kanisani, bila kuambiwa. Esnah alisimama nyuma kwenye projekta. Mimi nikawekwa mlangoni.

Anyona alikuja. Alitoka Nairobi kuja kutazama Esnah akianguka, tena alikuja na mwanawe aliyeoa mwaka jana na mke wa mwana, msichana mzuri anaitwa Beverlyne. Alipita mbele yangu akinukia manukato, akaketi safu ya mbele upande wa wanaume, akakunja mikono.

Ilianza. Watu walikuwa wanaongea, wanapasua njugu. Shemeji wakaja na kamba, wanawake wakaguna. Mvua ikaanza kwenye skrini, na juu ya mabati mvua yetu wenyewe ikaanza pia, kama kawaida ya saa tisa. Purity akafungua mlango.

"Soa, tata."

Nilikuwa nangoja kelele. Hakuna aliyepiga kelele. Nikasema moyoni, basi, imeisha, maskini Esnah. Kisha Purity akasogea kando ukutani.

Mzee mmoja wa kanisa alisimama. Akavaa kofia yake, akatembea kuelekea mlangoni bila kumwangalia mtu. Nikamfungulia. Wa pili akasimama, wa tatu, kisha benchi nzima. Wababa walitoka mmoja mmoja, wameinamisha vichwa, kwa sababu ng'ambo ya njia waliketi wake wa wana wao, na hakuna mwanaume aliyeweza kukaa nao chumba kimoja wakati yale maneno yanatamkwa. Walitoka wakaingia mvuani. Nilitazama nyuma. Esnah alikuwa ameishikilia projekta kwa mikono miwili, na hakuizima.

Anyona peke yake alibaki katika safu yake, anatabasamu. Akageuka ili watu wamwone. "Mnaona? Watu wanaenda nyumbani," akasema kwa sauti.

Akageuka zaidi, na macho yake yakakutana na ya Beverlyne. Beverlyne alivuta leso akajifunika uso wote.

Sijaona mtu mzima akisimama haraka namna ile. Aligonga benchi likaanguka, akalipita, akanipita mimi, na koti lake alikuwa ameliacha. Nyuma yake wakatoka vijana pia, mwanawe akiwa kati yao, maana kijana hawezi kuendelea kutazama kitu kilichomtoa babake. Nikafunga mlango. Ghalani tukabaki wanawake.

Mwisho wa ile sinema siusemi, na msiniulize. Nitasema tu kwamba wanawake waliinuka wote, na mama mmoja mkongwe anaitwa Nyamoita, ambaye sijapata kumsikia akipandisha sauti, alipiga vigelegele mpaka meno yake ya bandia yakamsumbua. Purity alikuwa analia. Na mimi nililia, kwa ajili ya kamba ile na kwa ajili ya siku nilizokaa kimya upande wangu wa ukuta.

Wanaume nje walisikia vigelegele. Walikuwa wamebanana chini ya paa la mizani ya kupimia chai, wamelowa, wazee kwa vijana. Mlango ukagongwa. Nikafungua kidogo tu, nikakuta ni Anyona, na nyuma yake wanaume wote wamekuja kusikiliza.

"Imekuwa aje?" akaniuliza. "Hao shemeji wamefanywa nini?"

"Ingia uone," nikamwambia.

Akatazama ndani juu ya bega langu, akamwona Beverlyne, akarudi nyuma kwenye mvua. "Celestine, tafadhali. Muulize Esnah aniambie tu vile imeisha."

Nikaenda nikamuuliza Esnah. Alikuwa anakunja waya polepole. Alinipa jibu, nami nikalibeba mpaka mlangoni nikalisema kwa sauti ya kutosha watu wote wa chini ya paa.

"Amesema aliyetengeneza ya kwanza anajua ya pili inaishaje. Kwa hivyo waambie wewe, wazee wanangoja."

Wanaume wote wakamgeukia. Maji yalikuwa yanamtiririka kutoka kwenye nywele mpaka ndani ya shati.

"Sijui," akasema.